Kofi Halimnyooshi Refa

Kaa pembeni ya uwanja wa mchangani siku ya mechi ya watani, na kabla ya mapumziko utakuwa umeshaisikia kauli hii: "Refa akichezesha haki, nani atamgusa?" Huitoa watu wazima wenye heshima zao, wakiwemo viongozi wa timu ambao hawajawahi kumkunjia mtu ngumi. Hawasemi kwamba kumpiga refa ni jambo jema. Wanasema tu kwamba aliyepigwa amejitakia. Mimi nasema kauli hiyo ni ya uongo, na uongo huo umeshagharimu maisha ya watu.

Tarehe 2 Desemba 2012, mjini Almere nchini Uholanzi, Richard Nieuwenhuizen, baba wa miaka 41, alishika kibendera katika mechi ya vijana ambayo mwanawe alikuwa anacheza. Hakuwa mwamuzi wa kulipwa. Katika ngazi zile za chini kila klabu hutoa mtu wake wa kushika kibendera, na yeye alijitolea. Mechi ilipokwisha, wachezaji wa timu pinzani walimvamia wakampiga mateke. Kesho yake alifariki. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana sita pamoja na baba wa mmoja wao, na baba huyo alihukumiwa miaka 6 jela.

Ipime sasa kauli ya mchangani kwa kifo hicho. Mshika kibendera haamui jambo. Yeye huashiria, na mwenye kipenga ndiye anayekubali au kukataa. Hata kama Nieuwenhuizen aliinua kibendera vibaya mara kumi, hakuna hata uamuzi mmoja wa siku ile uliokuwa wake. Aliuawa kwa mamlaka ambayo hakuwa nayo.

Miezi michache baadaye, Aprili 2013, Ricardo Portillo alikuwa akichezesha mechi ya ligi ya mtaani katika jimbo la Utah, Marekani. Alimpa kijana wa miaka 17 kadi ya njano. Akiwa anaandika kwenye kijitabu chake, kijana alimpiga ngumi ya kichwa, naye akafariki wiki moja baadaye. Mwaka 2014, huko Livonia katika jimbo la Michigan, John Bieniewicz alipigwa ngumi alipokuwa anataka kumtoa mchezaji kwa kadi nyekundu. Naye hakupona. Mmoja alikuwa anaandika, mwingine anataka kutoa kadi: wote wawili walikuwa katikati ya kazi waliyotumwa. Wangefumba macho wakaacha mambo yapite, wangerudi nyumbani kwao salama. Kilichowaponza ni kuthubutu kusimamia sheria.

Wapo watakaosema hao ni marefa wa mitaani, wangekuwa na uwezo mkubwa yasingewakuta. Basi tutazame juu kidogo. Desemba 2023, katika Ligi Kuu ya Uturuki, Halil Umut Meler, mwamuzi mwenye beji ya FIFA aliyechezesha mechi za Ulaya, akiwa na wasaidizi wake wa video na kamera pande zote za uwanja, alipigwa ngumi ya uso na rais wa klabu baada ya timu yake kusawazishiwa dakika za nyongeza. Kama umahiri ungekuwa kinga, ngumi ile isingefika. Anayepiga hapimi ubora wa uamuzi. Anapima uchungu wa matokeo, na mpira hauwezi kuchezwa bila kumwachia mtu uchungu.

Ndiyo maana refa akawepo. Hapo mwanzo wa soka la Uingereza kila timu ilikuja na mwamuzi wake, na refa alikaa nje ya mstari akisubiri kuulizwa pale wawili hao wanaposhindwa kuelewana. Ubishi haukuisha. Mwaka 1891 refa akaingizwa uwanjani na kupewa kauli ya mwisho, nao waamuzi wa timu wakasogezwa pembeni wakawa washika vibendera. Watu wa mpira walikuwa wameshaona kwamba timu haiwezi kujiamulia yenyewe. Waliamua heri mtu mmoja anayeweza kukosea kuliko timu mbili ambazo kila moja inajiona iko sahihi.

Najua jibu litakalokuja: "Lakini wapo marefa wanaobeba timu. Wapo waliokula bahasha." Ni kweli, wapo, na sitawatetea. Lakini fikiri kofi linafanya kazi gani hapo. Refa aliyekula rushwa ameshalipwa, na anajua njia ya kutokea kabla filimbi ya mwisho haijalia. Anayebaki kuumizwa ni yule kijana aliyemaliza kozi juzi, anayechezesha kwa posho isiyotosha nauli, anayejifunza kutofautisha mkono wa makusudi na mpira uliomfuata mchezaji. Akipigwa mara moja, mara ya pili atawaza usalama wake kabla ya kuwaza sheria. Penalti ya wageni hataiona. Bao la wenyeji la kuotea atalikubali. Refa anayechezesha kwa hofu ameshanunuliwa na mashabiki wa nyumbani bila kutoa senti. Kofi na bahasha hufanya kazi moja: zote mbili humwambia refa nani ashinde.

Hapo ndipo kauli ile inapogeuka kichwa chini. Tunadai refa mbovu ndiye anayeleta vurugu, kumbe vurugu ndizo zinazotuzalishia marefa wabovu. Mwenye kipaji na kazi yake nyingine ya kumwingizia riziki huona hakuna sababu ya kuzongwa kila Jumapili mbele ya watoto wake, akaweka kipenga kabatini. Anayebaki ni asiye na pa kwenda au mwenye lake jambo. Kisha tunalalamika kwamba kiwango cha uamuzi kimeshuka.

Mwisho wa njia hiyo umeshaonekana. Oktoba 2019 marefa wa ligi za chini jijini Berlin walichoka kupigwa na kutukanwa, wakagoma kwa wikiendi moja, na mechi zipatazo 1,500 hazikuchezwa. Uholanzi, wikiendi iliyofuata kifo cha Nieuwenhuizen, shirikisho la soka lilifuta mechi zote za ridhaa nchini. Wenye mipira, jezi na viwanja vizuri walikaa nyumbani. Kule Berlin kila kitu kilikuwepo isipokuwa mtu wa kupuliza kipenga.

Dawa haihitaji fedha nyingi. Nahodha peke yake ndiye azungumze na refa, wengine wabaki mbali. Malalamiko yaandikwe na kupelekwa kwa kamati, nayo kamati iyasikilize kweli, kwa sababu mtu asiyesikilizwa huishia kutumia mkono. Adhabu iiguse timu nzima kwa pointi, si kijana mmoja wa kutolewa kafara. Na tuache desturi ya kuyamaliza kienyeji kwa sababu mpigaji ni mtoto wa fulani na mtaa ni mmoja. Kumpiga mtu ni kosa la jinai sokoni na barabarani, na uwanjani pia ni jinai, kesi yake ni ya polisi.

Lakini kanuni zote hizo zitavunjika iwapo watu wazima waliokaa chini ya mwembe wataendelea kumwambia kijana mwenye hasira kwamba refa amejitakia. Ngumi huanzia hapo, kwenye maneno ya watu wasiorusha ngumi. Basi Jumapili ijayo, mwenzako akiuliza nani atamgusa refa anayechezesha haki, mtajie Nieuwenhuizen, baba aliyeshika kibendera ili timu ya mwanawe ipate kucheza.