Gitaa Lichongwe Kisegi, Hata Kama Haliuzwi

Mtu akionekana siku hizi ameshika randa na kipande cha mbao ambacho si mlango wala kitanda, swali la kwanza analoulizwa ni atauza wapi. Asipokuwa na jibu, anashauriwa aunde kikundi, akisajili, afungue akaunti ya benki kisha amtafute mfadhili. Ndivyo tulivyozoea kuutazama ufundi wowote unaochipuka mikononi mwa vijana wetu: ama ni ajira, ama ni upuuzi. Ninataka kuutetea upuuzi mmoja, nao ni kuunda gitaa la mbao kwa mkono kwa ajili ya kujifurahisha tu, tena si Nairobi wala Mombasa bali Kisegi na vijiji vya ufuoni mwa Ziwa Victoria vinavyoshika upande wa Homa Bay na Migori. Sisemi gitaa la mkono halina faida. Hoja yangu ni kwamba ufundi huu, kwa namna ulivyo, hauwezi kuanza kama biashara, na tukiulazimisha uanze hivyo utakufa kabla gitaa la kwanza halijatoa sauti.

Kanda hii ni nchi ya gitaa, ingawa magitaa yenyewe hayatoki huku. Muziki wa benga umezaliwa na Wajaluo wa ziwani, na lile gitaa lake la mbele linalokimbia noti moja baada ya nyingine linaiga vidole vya mpiga nyatiti, kinubi cha Wajaluo. D. O. Misiani, aliyeifanya Shirati Jazz ijulikane kote Afrika Mashariki, alizaliwa mwaka 1940 upande wa Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka wa Migori. Ochieng Nelly na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz mwaka 1972, na mtindo huo ukavuka hadi kwa Wakikuyu na Wakamba wakaufanya wao. Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa kazi nzima ya kufuatilia historia ya benga. Mtindo tumeuuza nje miaka sitini. Chombo tunakinunua dukani. Lakini hapa pana jambo ambalo wengi hulipita. Wanamuziki wengi wa kizazi kile walianzia kwenye gitaa walilojiundia wenyewe, kwa debe la mafuta, kipande cha ubao na nyuzi zilizofumuliwa kutoka waya wa breki ya baiskeli. Hakuna aliyewatuma, na hakuna aliyefikiria kuliuza debe lile. Nyatiti nayo mara nyingi imeundwa na yule yule anayeipiga, mkulima au mvuvi anayechonga bakuli la mbao, akaliwamba ngozi na kulifunga nyuzi nane. Nyuzi hizo zamani zilikuwa mishipa ya ng'ombe. Leo ni uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Ufundi wa ala katika nchi hii umekaa saa za jioni tangu zamani.

Kwa nini biashara haiwezi kuwa mlango wa kuingilia? Angalia kazi yenyewe. Bamba la mbele la gitaa, lile lenye tundu la sauti, lina unene wa milimita tatu hivi. Gitaa la nyuzi za chuma likikazwa, nyuzi sita kwa pamoja huvuta kwa nguvu ya kama kilo sabini, yaani uzito wa mtu mzima unaoning'inia kwenye ubao mwembamba usiku na mchana, mwaka baada ya mwaka. Bamba likiwa nene, gitaa ni bubu. Likiwa jembamba mno, linavimba nyuma ya daraja, shingo inapinda, na baada ya miezi michache nyuzi zinakaa juu kiasi cha kumuumiza mpigaji vidole. Kati ya mambo hayo mawili pana nafasi ndogo sana, na haipatikani kwa rula peke yake, kwa sababu hakuna mbao mbili zilizo sawa. Fundi hulishika bamba pembeni kwa vidole viwili, akaligonga, akasikiliza, akapunguza kidogo kwa randa, akagonga tena. Sikio hilo hujengwa kwa kuharibu. Zaidi ya hapo, mbao lazima ikauke kivulini. Desturi ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na anayeharakisha ataona nyufa baadaye.

Sasa weka kazi hiyo ndani ya mradi. Mradi una miezi kumi na miwili, ripoti ya kila robo mwaka na idadi ya vijana walionufaika. Mbao bado haijakauka na mkaguzi ameshafika. Gitaa la kwanza litakuwa baya, la pili huenda likawa baya kwa namna nyingine, na hakuna mteja wa kulipia masomo ya fundi. Hasara ya magitaa matatu au manne ya mwanzo lazima aibebe mtu, na anayeweza kuibeba bila kufilisika ni yule ambaye chakula chake hakitegemei gitaa. Ndiyo maana ninaona burudani si mapambo ya uchumi katika jambo hili. Ni namna pekee ya kulipa gharama ya kujifunza pale ambapo hakuna kiwanda wala chuo cha kuilipa.

Historia ya gitaa lenyewe inaniunga mkono. Umbo la gitaa la nyuzi laini tunalolijua leo linatokana zaidi na mtu mmoja, Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliyeishi kati ya 1817 na 1892. Alikuwa seremala. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na mbavu zake ni za karatasi ngumu, ili kuonyesha kwamba sauti inatoka kwenye bamba la mbele na viunzi vilivyo chini yake. Gitaa hilo bado limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki huko Barcelona. Ni biashara gani ingelipia jaribio la namna hiyo? Na kuna lililo kubwa zaidi: kazi ya magitaa ilipomlemea kimapato, Torres alirudi Almería akafungua duka la vyombo vya kaure, na alipoanza tena kuunda magitaa mwaka 1875, aliyaunda pembeni mwa duka hilo. Bwana mkubwa wa fani nzima aliuza sahani mchana. Sioni kwa nini mchuuzi wa omena wa Kisegi adaiwe zaidi ya alichodaiwa yeye.

Mtu atanikumbusha Kinshasa, ambako fundi anayejulikana kwa jina la Socklo amewaundia magitaa wanamuziki wa mji ule kwa miaka mingi na kazi hiyo ikawa riziki yake. Ni kweli, na ninamvulia kofia. Lakini Kinshasa ni jiji la mamilioni ya watu lenye bendi na makanisa kila mtaa, mahali ambapo fundi wa magitaa ana wateja wa kumtosha hata akiuza kwa bei ya chini. Kisegi ni vijiji. Kuiga mwisho wa safari ya Socklo bila kuwa na soko lake ni kujitafutia aibu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la magitaa ya bei nafuu kutoka China. Yamejaa madukani, yana sura nzuri, na hakuna fundi wa mkono atakayeshindana na bei yake. Ninakubali kabisa, tena naongeza: mengi yameundwa kwa mbao za tabaka zilizogandishwa pamoja, na mbao hizo hustahimili unyevu wa ziwa kuliko mbao nzima. Kijana anayetaka tu kuimba kanisani Jumapili anunue hilo, asipoteze muda. Ila pingamizi hili linaivunja hoja ya biashara, halifiki kwenye burudani. Hakuna anayemuuliza mcheza bao kama atashindana na kiwanda. Na pana faida ya pembeni ambayo wauza magitaa hawaileti: daraja la gitaa la dukani huachia gundi kwa joto, vipingo, yaani vile vipande vya waya vinavyokatiza shingo, hulika, funguo hukatika, na anayejua kuvirekebisha huenda yuko Kisumu. Aliyewahi kuunda gitaa moja, hata baya, anajua pa kushika.

Wapo pia watakaosema tunamaliza miti. Hofu hiyo ina sababu: serikali ilipiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii Februari 2018, na rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2023 ubishi ukaanza upya. Mpingo, unaosifiwa duniani kwa ala za muziki, uko chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa pamoja na jamaa zake wote tangu Januari 2017. Lakini gitaa zima lina uzito wa kilo mbili hivi. Bamba la mbele hutoka kwenye vipande viwili vyenye urefu wa nusu mita na upana wa shubiri moja. Mabaki yanayotupwa ufuoni baada ya kuunda mashua moja yanatosha kuanzia. Na hakuna haja ya mpingo. Waundaji wa magitaa ya flamenko huko Hispania wametumia saipresi ya kwao kwa mgongo na mbavu tangu enzi za Torres, na jamaa wa mti huo amepandwa kwetu tangu ukoloni. Mgrivelia uko kwenye mipaka ya mashamba, siala iko nyuma ya nyumba. Sitadai kwamba kila mmoja wa miti hii utatoa sauti tamu. Nasema inafaa kujaribiwa, na mwenye kujaribu bila kudaiwa ndiye atakayetuambia upi unafaa. Waunda mashua, kwa upande wao, wanajua tayari jambo gumu kuliko yote, kuupinda ubao bila kuuvunja.

Linalonipa shida zaidi ni pingamizi la umaskini. Burudani, wanasema, ni ya wenye shibe. Kijana wa ufuoni anahitaji pesa leo. Siwezi kulipuuza hilo. Hata hivyo, tusijifanye kwamba saa za bure hazipo. Uvuvi wa omena hufanywa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, kwa hiyo mitumbwi hukaa. Kila mwaka, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Julai, sheria huufunga uvuvi huo upande wa Kenya ili omena wazaane. Miezi hiyo ni migumu mifukoni. Vibarua hutafutwa, mashamba hulimwa. Lakini jioni zipo, na tunajua zinakokwenda: kamari ya simu na chang'aa hazikosi wateja msimu wa kufungwa ziwa. Randa iliyoazimwa, patasi, msasa na mbao ya mabaki vinagharimu chini ya hayo yote. Hata majira yanakubaliana na kazi: Aprili na Mei hewa ina unyevu na gundi haishiki vizuri, basi huo ni wakati wa kuchonga shingo na kupunguza bamba, Juni na Julai kukikauka, mwili unafungwa.

Na wapenzi wa nyatiti wataniuliza kwa nini nisiitetee ala ya wenyewe badala ya hii ya kigeni. Naitetea pia, na mikono itakuwa ile ile. Gitaa lina somo lake ambalo nyatiti haina. Mpiga nyatiti huutafuta mlio kwa sikio kila anapokaa kupiga. Muunda gitaa lazima auamue mlio mapema na kuupigilia shingoni. Uzi wenye urefu wa milimita 650 ugawe kwa 17.817, utapata milimita 36.5, na umbali huo kutoka mwanzo wa uzi juu ya shingo ndipo pa kipingo cha kwanza. Kilichobaki kigawe tena kwa namba ile ile, upate cha pili, mpaka kipingo cha kumi na mbili kiangukie nusu kamili ya uzi, milimita 325. Ukikosea kwa milimita moja, kila mwenye sikio atajua. Mwanafunzi aliyekimbia hesabu darasani ataipenda ikimlia mkononi. Mwenda Jean-Bosco wa Katanga, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey huko Jadotville mwaka 1952 na kuimba kwa Kiswahili hiki hiki, aliufikisha muziki wa Kiafrika mbali kwa gitaa kavu lisilo na umeme, wala hakuna aliyemwita mgeni kwa sababu ya kisanduku alichokishika.

Ninachoomba ni kidogo. Katiba ya 2010 ilivikabidhi vyuo vya ufundi vya vijijini kwa serikali za kaunti. Vyuo hivyo vina meza za useremala, jiriwa na misumeno ambayo hulala ikifungiwa kuanzia Ijumaa alasiri hadi Jumatatu. Kaunti za Homa Bay na Migori ziifungue milango hiyo Jumamosi kwa yeyote anayetaka kuunda ala, awe mwalimu mstaafu, mvuvi au mama wa duka, pasipo cheti mwishoni, pasipo fomu ya kikundi, pasipo mgeni rasmi wa kuja kupigwa picha. Zinunue kwa wingi vitu viwili visivyoweza kuchongwa kwa urahisi huku, yaani funguo za kukazia nyuzi na waya wa vipingo, na kuviuza kwa bei ya ununuzi. Na yule afisa atakayekuja na daftari kuuliza magitaa mangapi yameuzwa, apewe msasa.