Gurudumu la Nyuma Halinunuliwi kwa Jina



Katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, baiskeli ya milimani si chombo cha mchezo. Ndiyo imfikishayo kijana kazini, ndiyo ibebayo mikate ya alfajiri, na ndiyo imrudishayo mtoto kutoka chuoni kabla ya Magharibi. Gurudumu la nyuma, lenye kubeba uzito mwingi na kuvutwa na mnyororo, aghalabu ndilo litangulialo kuharibika. Hapo mama hufungua kibindo, akampa kijana fedha na kumwambia, “Kanunue ishirini na sita.” Jioni gurudumu huletwa, nalo haliingii, na muuzaji hakubali kulirejesha. Ndipo tukaona tuwaandikie mama zetu na dada zetu, kwani fedha hiyo mara nyingi hutoka mikononi mwao.

La kwanza ni kipimo. Kwa jina la inchi 26 huitwa magurudumu yasiyolingana. Tazameni ubavuni mwa tairi kuukuu. Huandikwa tarakimu zilizotengwa kwa kistari, mathalani 50-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, na ya pili ni kipenyo cha ringi pale tairi linapokaa, zote kwa milimita. Baiskeli ya milimani ya 26 ni 559. Ziko za kizamani, nazo huitwa 26, ambazo ni 590. Milimita 31 hizo zatosha kulifanya tairi lisivae na breki isikutane na ringi. Zile ziitwazo 27.5 ni 584, na za 29 ni 622. Basi mpeni kijana tarakimu hiyo kwenye karatasi, msimpe jina tupu.

La pili ni nafasi. Gurudumu likishatolewa, chukueni futi ya kushonea mpime baina ya ncha mbili za fremu, pale ekseli inapokaa, ndani kwa ndani. Nyingi za milimani ni milimita 135, yaani sentimita 13.5. Za kisasa huwa 142 au 148, na ekseli yake ni nene, hupenyezwa upande hadi upande. Fundi akitaka kuipanua fremu kwa nguvu, mkataeni; fremu ya alumini huweza kupasuka.

La tatu ni gia. Hesabuni meno ya nyuma ni duara ngapi. Gurudumu jipya lichukue idadi iyo hiyo, kwa kuwa kibadilishio cha usukanini kimepangwa kwa hiyo. Tena ziko friwili zinazokazwa kwa hesi, na ziko seti za meno zinazochomekwa. Gurudumu la namna moja halipokei meno ya namna nyingine.

La nne ni breki, na hapa si fedha tu, ni roho. Breki za mpira zinazobana ringi zahitaji ringi yenye ubavu bapa uliotengenezwa kwa kazi hiyo. Breki za diski zahitaji habu yenye pa kufungia diski: ama tundu sita za skrubu, ama meno ya katikati. Anayeteremka kwenda kivukoni Likoni, mbele yake watu na magari na nyuma yake mzigo, hana mahali pa kugundua kwamba breki haishiki.

Likiwa la mtumba, lizungusheni mwone kama linayumba. Litikiseni ubavuni, likicheza, gololi zimelegea au zimelika. Piteni kidole kwenye ubavu wa ringi. Ukiwa umebonyea ndani, umeliwa na breki. Spoki nazo zikaguliwe kutu, kwani chumvi ya hewa yetu haina huruma.

Na wauzaji wetu, jirani zetu, wakumbuke kwamba kuficha aibu ya bidhaa ni ghushi, na ghushi huondoa baraka. Mwambieni mnunuzi ringi imelika. Akitaka, ataichukua kwa bei yake.

Lililo salama zaidi ni kijana kwenda dukani na gurudumu kuukuu mkononi, yawekwe mawili sambamba. Likishafungwa, baiskeli iinuliwe nyuma, gia zote zipitishwe, breki ibanwe mara kadhaa, kisha ajaribu uwanjani mahali tambarare. Mteremko uje baadaye, inshaallah.