Damu ya Idd ni mbolea, mbona tunaimwaga mtaroni?

Pita vichochoro vya Mji wa Kale alasiri ya Idd-ul-Adh'ha. Nyama imeshagawanywa, majirani wamepata fungu lao. Kilichobaki ni damu mtaroni, mavi ya tumbo kwenye gunia, na nzi. Soko la samaki nalo lina matumbo na magamba yake. Wewe unashika pua, unapita.

Hebu nikuulize, unajua unachokipita? Damu ikikaushwa na kusagwa, asilimia 12 hivi ya unga wake ni naitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Unga wa mifupa una fosforasi, ambayo mizizi huihitaji. Mavi ya tumbo ni nyasi zilizokwisha kutafunwa. Yachanganye na majani makavu, yageuze mara kwa mara, utapata mboji.

Wa kuitumia wapo. Vuka uende Kwale au Kilifi, utakuta wafugaji wanaopanda nepia ya kulisha ng'ombe wa maziwa. Nyasi hizo hukatwa tena na tena, na kila mkato huondoka na rutuba ya shamba. Mbolea ya dukani nayo, bei yake si mchezo.

Lakini tusidanganyane. Damu mbichi ukiimwaga shambani unaleta uvundo na maradhi. Lundo la mboji lazima lipate joto la kuua vijidudu. Uingereza iligundua kichaa cha ng'ombe mwaka 1986, na chanzo cha kuenea kwake kilikuwa ng'ombe kulishwa unga wa nyama na mifupa. Ndiyo maana leo sheria za Ulaya zinataka mifugo isubiri angalau siku 21 kabla ya kula nyasi zilizotiwa mbolea ya aina hii. Nasi tufuate tahadhari hiyo.

Kuna watakaouliza kuhusu najisi. Ni swali la haki, na mashehe waulizwe mapema, kabla kisu hakijanolewa.

Kaunti nayo iweke mapipa ya mabaki haya peke yake, sokoni na machinjioni, na iyasaidie makundi ya vijana kupata leseni ya NEMA ya kubeba taka. Wewe usingoje Idd ijayo ifike. Tafuta wenzako watano, ongeeni na mchinjaji mmoja na mfugaji mmoja, muanze na lundo moja dogo huko huko shambani kwake. Kazi ni chafu, ndiyo. Lakini kukaa maskani bila kazi nako kuna usafi gani?