Presha si ugonjwa wa matajiri

Huku kwetu Pwani bado nasikia watu wakisema presha ni ugonjwa wa wenye nazo. Kibera na Kawangware zinatusuta. Huko wengi huenda vibaruani kwa miguu alfajiri, na presha inawapata vilevile. Médecins Sans Frontières, walioendesha zahanati Kibera hadi 2017, walitibu presha na kisukari sambamba na Ukimwi na kifua kikuu.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 uliwahusu watu wa miaka 18 hadi 69. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha, na zaidi ya nusu ya watu hawakuwahi kupimwa maishani. Presha haiumi, wengi huijua siku wanapopooza.

Mwenye chumba kimoja na kibarua cha kutwa hula kinachopatikana njiani: chipsi, mandazi, chumvi juu. Akiambiwa anywe dawa kila siku, unga hutangulia kidonge.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii takriban 100,000, wakiwa na vipimo vya presha. Hatua njema. Lakini kwa maoni yangu, kumpima mtu kisha kumwachia dawa ajinunulie ni kumtia hofu tu.

Basi nasi wa Likoni, Kisauni na Majengo tusiwatazame wa Nairobi kwa mbali. Tukapimwe, kisha tuwaulize madiwani wetu: zahanati ya mtaa ina dawa za presha mwezi mzima, au wiki ya kwanza tu?