Simu ya Mama na Somo la Mtoto



Wiki hii tumeletewa swali kutoka Gatuanyaga, upande wa Thika. Mwulizaji ni kijana tuliyemsomesha hapa pwani. Leo ni mwalimu wa shule ya msingi, na Jumamosi na Jumapili asomesha watoto Qur'ani. Alikuwa akituma masomo ya video kwa WhatsApp kila jioni, na asubuhi mtoto asiyeyatazama akisimamishwa mbele ya wenziwe. Binti mmoja alisimamishwa mara tatu. Siku ya nne hakuja. Mwalimu alipokwenda kwao alikuta nyumba nzima ina simu moja, ya mama, aondokaye nayo alfajiri kwenda kibarua katika mashamba ya mananasi na kurudi usiku, bando imekwisha. "Maalim," atuuliza, "nitumie programu gani iliyo bora?"

Kabla ya programu, twamnasihi aende akamtake radhi mtoto yule na mamake. Aliadhibiwa kwa ufukara, si kwa uvivu, na hiyo ni dhuluma hata kama haikukusudiwa. Shule zilipofungwa Machi 2020, masomo yalihamia redioni, kwenye televisheni na intaneti, na madarasa mengi hayakurudi hadi Januari 2021. Tuliona wakati ule nani aliyeachwa nyuma. Basi chombo kilicho bora ni kile kinachomfaa hata mtoto asiye na simu kwao.

Vyombo vya namna hiyo vipo. Kolibri ni programu ya bure iliyotengenezwa kwa ajili ya pahali pasipo na intaneti. Mwalimu huyapakua masomo mara moja tu, hapo mjini Thika penye mtandao mzuri, kisha kompyuta moja huyagawa darasani kwa njia ya ruta ndogo, bila ya bando. Ndani yake mna hesabu na sayansi za Khan Academy na mengineyo. Shule nyingi za msingi za umma zilipokea vishikwambi vya serikali kuanzia mwaka 2016. Vilivyo vizima visifungiwe kabatini.

Kwa matayarisho ya mwalimu mwenyewe, iko Kenya Education Cloud ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD. Ayasome yaliyomo usiku kwake, na asubuhi ayaandike ubaoni, watoto wote wapate sawa. Na ziko huduma za ujumbe mfupi, kama Shupavu 291 ya Eneza Education, zilizobuniwa ili hata simu ya mulika mwizi ilete somo na maswali ya mazoezi.

WhatsApp nayo isitupwe. Iwe ya kuwaarifu wazazi, kwa maandishi mafupi yasiyomaliza bando. Lakini alama za mtoto na picha yake zisianikwe katika kundi. Sitara ya mwanafunzi ni amana ya mwalimu.

Ama katika Qur'ani, programu za simu zasaidia sana. Mtoto aweza kumsikiliza Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary akiisoma aya moja mara kumi bila ya kuchoka. Hata hivyo makhraj ya herufi hupokewa mdomo kwa mdomo. Baada ya simu kusikilizwa, mwalimu naye aketi amsikilize kila mtoto.

Sisi tulisoma chuoni kwa ubao wa mti, tukiandika, tukihifadhi, tukiosha. Asiyekuwa na ubao aliketi ubavuni mwa mwenziwe wakasoma pamoja, na maalim akawasikiliza wote wawili. Hakuna aliyerudishwa kwao kwa kukosa ubao. Kishikwambi nacho ni ubao; adabu yake ni ile ile.

Nanyi wasomaji, aliye na kompyuta nzima iliyolala nyumbani na aifute siri zake, kisha aifikishe shule iliyo karibu naye. Elimu inayonufaisha ni katika sadaka zisizokatika.

Twamwomba Mola amrejeshe binti yule darasani, na amjaalie mwalimu wake subira.

Wallahu aalam.