TV ya chogo ikiharibu picha, usifungue mgongo wake

Jumamosi nikiwa Ngonga nilimkuta kijana wa darasa la saba ameilaza TV ya chogo kifudifudi kitandani, bisibisi mkononi. Picha ilikuwa na doa la zambarau pembeni. "Usiogope mjomba, nimeshachomoa plagi," akaniambia. Hapo ndipo nilipoogopa.

Wazazi wengi tunaamini plagi ikitoka, hatari imekwisha. Kwa TV hizi si hivyo. Umeme wa ukutani ni volti 230, lakini ndani ya TV ya chogo ya rangi hupandishwa hadi zaidi ya 20,000. Kioo kinaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa, kama mtungi unavyobaki na maji bomba likishafungwa. Tena ndani ya kioo hakuna hewa. Kikigongwa vibaya kinaweza kupasuka na vipande kuruka. Skrubu za nyuma mwachie fundi, hata kama mwanao ni hodari wa kutengeneza redio.

Lile doa lililetwa na sabufa iliyobanwa ubavuni. Spika ina sumaku, na sumaku huvuruga rangi. Tuliisogeza mbali, tukaacha TV imezimwa nusu saa ipoe, tukaiwasha. Ule mvumo mfupi wa kuwashia ni TV inajiondolea sumaku yenyewe. Mara ya kwanza doa lilififia, mara ya pili likaisha.

Ukiona chenga tupu (sisemi za mchele), anza na king'amuzi. Mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini 31 Desemba 2012, kwa hiyo antena peke yake haitoshi. Hakikisha TV iko kwenye AV na waya wa njano uko kwenye tundu la njano. Picha ikikosa rangi, chagua PAL kwenye menyu.

Lakini picha ikiwa mstari mmoja tu katikati, au ukisikia harufu ya kuungua, zima, chomoa, mwite fundi. Na mvua za Kyela tunazijua: chomoa plagi na waya wa antena kabla radi haijakaribia.

Kabla sijaondoka nikaona kitambaa cha meza kinaning'inia chini ya TV. Uzito wa TV hizi uko mbele, kwenye kioo. Mtoto mdogo akikivuta, inamwangukia. Tulikiondoa. Mama mwenye nyumba alinuna kidogo, maana alikidarizi mwenyewe.