Mwaka Hauangushi Kulungu
Kwenye soko la bunduki za mtumba nchini Marekani, Winchester Model 70 iliyotengenezwa kabla ya 1964 huuzwa ghali kuliko zilizoifuata. Sababu ipo: mwaka huo kiwanda kilibadili muundo ili kupunguza gharama, na ile ndoana pana inayoshika ganda la risasi tangu linapotoka magazini ikaondolewa. Wawindaji walinung'unika, na bei ya zile za zamani ikapanda. Lakini mwaka wa kutengenezwa hauangushi kulungu. Mnunuzi makini huhakikisha kwanza kwamba bunduki haina risasi, kisha huchomoa komeo na kuchungulia mtutu kwenye mwanga: michirizi ya ndani iwe na kingo kali, pasiwe na kutu. Mdomo wa mtutu nao aukague, maana hata jeraha dogo pale huweza kuipotosha risasi. Baada ya hapo aende kwenye uwanja wa shabaha, apige shabaha iliyo umbali wa yadi 100 mtutu ukiwa bado baridi, kwa kuwa porini mara nyingi risasi ya kwanza ndiyo pekee. Muuzaji anayekataa jaribio hilo ameshashusha bei yake mwenyewe.